Kijana na mzee darasa moja: Somo kwa Waislamu wa mijini kutoka Mbulu na Hanang

Waislamu wengi tunaoishi Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Mwanza tunajivunia kwamba vijana wetu wa miaka 13 hadi 19 wanaijua simu janja kuliko sisi tuliowanunulia. Lakini lipo jambo la kujiuliza. Simu hiyo hiyo inamfikisha kijana kwa wacheza mpira wa Ulaya na waimbaji wa Korea ambao hawamjui, wala haimfikishi kwa babu yake aliyeko Dongobesh au bibi yake aliyeko Endasak ambao wanamuombea dua kila siku. Akipigiwa babu, ni dakika mbili. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo huko?" "Hatujambo, nakupa baba uongee naye." Basi, mazungumzo yameisha.

Makala hii ina lengo la kueleza namna darasa la mtandaoni linalowakutanisha vijana na wazee linavyoweza kuwa ibada, elimu na kinga kwa wote wawili. Nimechukua mfano wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu huko jambo hili linaonekana kwa uwazi zaidi. Hata hivyo, msomaji ambaye asili yake ni Kondoa, Rufiji, Pemba au Ujiji atajiona humo humo.

Uislamu na darasa la rika mbili

Kuna dhana kwamba elimu siku zote hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na kwamba mdogo kumfundisha mkubwa ni utovu wa adabu. Tukiirejea historia ya Mtume (s.a.w.) na maswahaba wake tunakuta dhana hiyo haina msingi. Nitataja matukio manne, na kila moja lina funzo lake.

Kwanza ni tukio la Malik bin Huwayrith (r.a.) lililopokelewa na Bukhari. Yeye na wenzake, wote vijana wa rika moja, walikwenda Madina wakakaa kwa Mtume (s.a.w.) siku 20. Mtume (s.a.w.) alipohisi kuwa wamewakumbuka watu wao, aliwauliza habari za waliowaacha nyuma, kisha akawaagiza warejee kwa familia zao wakawafundishe waliyojifunza. Akawaelekeza kuwa wakati wa swala mmoja wao aadhini, na aliye mkubwa kwao awaswalishe. Tuzingatie vizuri hapa. Vijana ndio waliobebeshwa elimu mpya kuipeleka nyumbani, huku nafasi ya mkubwa ikilindwa pale pale. Mtume (s.a.w.) alivikusanya vyote viwili, elimu ya kijana na heshima ya mkubwa, katika agizo moja.

Pili ni tukio la Abdullah bin Umar (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliuliza katika kikao ni mti gani unaofanana na Muislamu kwa kuwa majani yake hayapukutiki. Watu wakataja miti ya jangwani. Ibn Umar, aliyekuwa mdogo katika kikao kile, alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini aliwaona Abu Bakr na Umar wamenyamaza, naye akaona haya kusema. Baadaye alipomueleza baba yake, Umar alimwambia kuwa kama angelisema, yeye angelifurahi mno. Hapa kuna funzo kwa wazazi wote. Kijana wako anaweza kuwa na jibu unalolitafuta, ila heshima imemfunga mdomo. Ni jukumu la mkubwa kumfungulia mlango wa kusema.

Tatu, Umar (r.a.) alipokuwa Khalifa alimuingiza Abdullah bin Abbas, ambaye alikuwa bado kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badr. Baadhi yao walihoji kwa nini kijana huyu aketi nao ilhali wao wana watoto wa umri kama wake. Umar akawauliza wote maana ya Suratun-Nasr. Wapo waliosema tumeamrishwa kumhimidi Allah na kumuomba msamaha tupatapo ushindi, na wapo walionyamaza. Ibn Abbas akasema kuwa sura ile ilikuwa ni taarifa ya kukaribia kufariki kwa Mtume (s.a.w.). Umar akasema naye haelewi ila hivyo hivyo. Umar hakubishana na wazee wale. Aliwakalisha darasa moja na kijana, wakaona wenyewe.

Nne ni tukio la kukusanywa Qur'an. Baada ya vita vya Yamama, ambamo maswahaba wengi waliohifadhi Qur'an waliuawa, Umar aliingiwa na hofu akamshauri Abu Bakr. Abu Bakr alipokubali, hakumpa kazi ile mzee mwenzake. Alimpa Zayd bin Thabit, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, akimueleza kuwa ni kijana mwenye akili, hatuhumiwi kwa lolote, na alikuwa akimuandikia Mtume (s.a.w.). Zayd aliikusanya kutoka kwenye maandishi yaliyotawanyika na kutoka vifuani mwa watu. Wakubwa waliiona hatari na wakatoa amri, kijana akatoa mkono, macho na nguvu.

Ukiyaunganisha matukio haya manne utapata kanuni moja: kijana na mzee kila mmoja ana amana ya mwenzake. Na adabu ya kuitoa amana hiyo tumefundishwa katika Suratu Maryam (19:42-45), pale Nabii Ibrahim (a.s.) alipokuwa akizungumza na baba yake. Alikuwa na elimu ambayo baba yake hakuwa nayo, na baba alikuwa katika kosa kubwa kuliko yote, la kuabudu masanamu. Hata hivyo Ibrahim alirudia mara nne kumwita kwa jina la upole, ewe baba yangu. Ikiwa hiyo ndiyo lugha ya kumkosoa mzee anayeabudu sanamu, vipi kijana wetu atamfokea bibi yake kwa sababu ameshindwa kufungua ujumbe wa sauti?

Hali ya Mbulu na Hanang

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kutoka mkoa wa Arusha. Ndani ya wilaya za Mbulu na Hanang wanaishi Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, Wadatoga wakiwemo Wabarbaig, na katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadzabe. Kiiraqw ni lugha ya jamii ya Kikushi, Kidatoga ni ya jamii ya Kiniloti, Kihadzabe wataalamu wameshindwa kukiunganisha kwa uhakika na lugha nyingine yoyote, na juu ya zote kipo Kiswahili ambacho ni cha Kibantu. Ni maeneo machache sana duniani yenye utajiri wa namna hii katika mwendo wa siku chache kwa miguu. Allah (s.w.) anatufahamisha katika Suratur-Rum (30:22) kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu ni katika Ishara Zake. Kijana wa Mbagala aliyezaliwa na wazazi wa Mbulu na hajui hata kumuamkia bibi yake kwa Kiiraqw amepotezewa Ishara iliyokuwa nyumbani kwao.

Wazee wa huko wamebeba mambo ambayo hayamo katika vitabu vya shule. Mwaka 1960, katika uchaguzi wa Tanganyika, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja ilichokosa kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Sarwatt aligombea kama mgombea binafsi akashinda. Mtu aliyekuwa na miaka 15 wakati ule leo amefika miaka 80. Je, ni nani aliyemuuliza watu walisema nini sokoni siku ile? Katika miinuko ya Irqwa Da'aw, wanayoiita Mama Isara, Wairaqw wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi bila udongo wote kuishia bondeni, kwa matuta, samadi na mpangilio wa mashamba waliourithishana kwa mkono. Watafiti kutoka Ulaya wameandika vitabu juu ya kilimo hicho. Wajukuu wa wakulima wale wapo Kariakoo wanauza vifaa vya simu na habari hiyo hawana.

Jambo la ardhi lina uzito wa pekee. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo (NAFCO), kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika tambarare za Hanang, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Tambarare hizo zilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walilalamika kuwa hata makaburi ya wazee wao yalilimwa kwa trekta. Kwa Mbarbaig mzee mwenye heshima hujengewa kaburi la kichuguu kirefu, bung'ed, na mazishi yake huchukua miezi. Sisi Waislamu tumekatazwa kuyajengea makaburi, lakini hakuna Muislamu asiyeelewa uchungu wa kaburi la baba kupitishiwa jembe. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa iliipa ushindi NAFCO, ikiona kuwa kijiji hakikuthibitisha haki yake juu ya ardhi ile. Shirika hilo halipo tena, ila funzo limebaki. Wazee walijua nani alichunga wapi na nani kazikwa wapi, lakini kujua kwa mzee na kuthibitisha mbele ya hakimu ni mambo mawili mbalimbali.

Linganisha na mwaka 2011, ambapo Wahadzabe wa bonde la Yaeda, watu wachache mno kuliko Wabarbaig, walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Palipo na karatasi, mnyonge ana pa kushika. Na Uislamu umetangulia katika hili, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana. Mzee ana kumbukumbu, kijana ana kalamu na simu yenye kinasa sauti. Wasipokutanishwa, kumbukumbu itazikwa na simu itajazwa vichekesho.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Siku zile, ndugu waliokuwa mijini walikesha kwenye simu. Pale penye kijana kijijini anayeijua simu, familia inaweza kupata habari na picha mapema, na mzee akajua msaada unapokelewa wapi. Pale penye mzee peke yake na simu ya kitochi isiyo na chaji, familia hubaki gizani. Darasa ninalolipendekeza lina faida za siku za kawaida, ila siku ya msiba ndipo thamani yake inapoonekana.

Waliotangulia kufanya

Jambo hili si geni duniani. Huko Toronto, Canada, mwaka 2009 mabinti wawili ndugu waliokuwa wanafunzi wa sekondari walianzisha mpango wa vijana kuwafundisha wazee kutumia kompyuta na intaneti. Mpango huo uliitwa Cyber-Seniors, na dada yao akautengenezea filamu iliyotoka mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2009, profesa Sugata Mitra alianzisha utaratibu uliokuja kujulikana kama Granny Cloud, ambapo watu wazima wa Uingereza, wengi wao walimu wastaafu, walizungumza na watoto wa India kwa njia ya video, wakiwasomea hadithi na kuwatia moyo. Katika mpango mmoja kijana ndiye mwalimu, katika mwingine mzee ndiye mwalimu.

Hapa kwetu, serikali ilipofunga shule Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, na nyingine zikabaki zimefungwa hadi mwishoni mwa Juni, darsa nyingi zilihamia kwenye makundi ya WhatsApp. Tulithibitisha wenyewe kuwa elimu inaweza kupita kwenye simu. Shule zilipofunguliwa, wengi tuliiachia simu irejee kwenye mizaha.

Namna ya kuliendesha darasa

Darasa linalofaa halihitaji ofisi wala mfadhili. Linahitaji msikiti mmoja wa mjini, mwalimu mmoja wa madrasa au wa Maarifa ya Uislamu, vijana sita hadi kumi, na wazee wa idadi hiyo hiyo au pungufu. Nashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, mzee asiachwe peke yake na simu. Kila mzee aliyeko kijijini awe na kijana wa hapo hapo, mjukuu au jirani, atakayeshika simu. Kwa hiyo darasa linakuwa na pande tatu: kijana wa mjini, kijana wa kijijini na mzee. Faida ya kijana wa kijijini ni kwamba yeye ndiye mkalimani pale mzee anapoona Kiswahili hakimtoshelezi, na ndiye atakayebaki na mzee baada ya simu kuzimwa.

Pili, muda uwe mfupi. Baina ya Magharibi na Isha kunatosha, kwa kuwa mchana mzee yuko shambani au mnadani na usiku wa Mbulu una baridi. Programu ya Zoom kwa wasiolipia hukatika baada ya dakika 40, na dakika 40 ndizo zinazomfaa mzee. Palipo na mabonde na mtandao wa kubahatisha, ujumbe wa sauti wa WhatsApp ufanye kazi badala ya video. Mzee husikiliza, hujibu kwa wakati wake, na bando halimalizwi.

Tatu, kila kikao kigawanywe nusu mbili. Nusu ya kwanza kijana anafundisha na nusu ya pili mzee anafundisha. Sharti hili lisivunjwe hata mara moja. Darasa ambalo kijana ndiye mwalimu daima litamfanya mzee ajione mjinga, naye ataacha. Darasa ambalo mzee ndiye msemaji daima litamchosha kijana, naye ataacha.

Kijana afundishe nini? Aanze na kinachomuumiza mzee. Wazee wetu wengi hupokea ule ujumbe mashuhuri wa kutakiwa watume hela kwenye namba nyingine, au hupigiwa na mtu anayejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu akiwataka wataje namba yao ya siri. Kijana amfundishe mzee kuwa namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa mjukuu. Amfundishe kubonyeza *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kwamba ipo namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Baada ya hapo waingie kwenye habari za uzushi, ambazo Qur'an (49:6) imetuamuru tuzichunguze tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kijana amuoneshe mzee kuwa picha ya maafa iliyotumwa leo yaweza kuwa ya nchi nyingine na ya miaka kumi iliyopita.

Ikiwa mzee ni Muislamu, ipo kazi bora kuliko hizo zote. Waislamu wa Mbulu na Hanang ni wachache, wengi wako katika miji midogo ya biashara, na wapo watu wazima waliosilimu ukubwani ambao hawakupata kukaa madrasa. Mzee wa namna hii huona haya kuketi na watoto wadogo kujifunza alifu na bee. Kwa simu, mbele ya mjukuu mmoja, haya hiyo hupungua. Mtume (s.a.w.) amebashiria kuwa anayeisoma Qur'an kwa tabu na kigugumizi ana ujira mara mbili. Kijana aliyehitimu juzuu kadhaa na kuzificha kifuani ana fursa ya kuzifanya sadaka yenye kuendelea.

Mzee afundishe nini? Asiambiwe "tueleze historia," kwani swali hilo ni pana na litamnyamazisha. Vijana waandae maswali madogo madogo. Mlihamia hapa lini na mlitoka wapi? Wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974 na kuendelea, nyumba yenu ilikuwa wapi? Mpaka wa shamba la babu yako ni mti gani, jiwe gani? Mwaka wa njaa mlikula nini? Mifereji ya maji ya mvua ilipita wapi kabla nyumba hizi hazijajengwa? Swali hilo la mwisho, katika vijiji vilivyoko chini ya mlima Hanang, laweza kuokoa maisha. Majibu yaandikwe kwenye daftari pamoja na jina la mzee na tarehe, kisha nakala ipelekwe kwa familia yake. Wairaqw wana utaratibu wa wazee kutamka mkutanoni maneno marefu ya dua na baraka yaitwayo slufay huku watu wakiitikia. Yamo ndani yake mambo ya itikadi ambayo Muislamu hayafuati. Kuyaandika ili lugha isipotee si kuyaamini, na mwalimu aliweke wazi hilo mwanzoni.

Mambo ya kuchunga

Lipo suala zito ambalo wasomaji wengi wenye asili ya huko wanalijua na hawalisemi. Wengi wetu wazee wetu si Waislamu. Babu ni Mkristo, au yungali katika mila. Je, darasa hili linafaa naye? Linafaa, tena zaidi. Asma binti Abu Bakr (r.a.) alitembelewa na mama yake ambaye alikuwa mshirikina, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, naye akamjibu kuwa amuunge mama yake. Na katika Suratu Luqman (31:15) tumeamrishwa kukaa kwa wema na wazazi hata wanaposhikilia tusiyoweza kuyafuata. Wapo vijana waliosilimu, au waliozaliwa na waliosilimu, wakadhani kuukata udugu ndiyo uchamungu. Hilo ni kosa. Lakini pia darasa lisigeuzwe mtego. Usimwite babu kwa jina la kujifunza simu kisha ukamhubiria dakika 40. Wema wako, subira yako na ulimi wako mtamu ndio daawa ya kwanza, na uongofu uko mikononi mwa Allah (s.w.).

Jambo la pili ni mipaka ya kisheria baina ya wanaume na wanawake. Mabinti wapangwe na bibi zao na wavulana na babu zao, na palipo na mchanganyiko mwalimu awepo muda wote. Mazungumzo yafanyike kwenye kundi la wazi. Kijana asipewe namba ya mtu mzima asiye ndugu yake ili wawasiliane faragha, hata huyo mtu mzima awe na ndevu ndefu kiasi gani. Mzazi wa kijana aombwe idhini kwanza, kwa kuwa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Jambo la tatu ni siri. Kumrekodi mzee akisimulia na kumrusha mtandaoni ili watu wacheke matamshi yake ni dhulma. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya taarifa za watu, na kabla ya sheria hiyo Qur'an (49:11) ilishatukataza kudharauliana. Mzee aulizwe kabla ya kurekodiwa. Akisema hili lisitoke, lisitoke.

Jambo la nne, darasa hili si badala ya safari. Wapo watakaosema, sasa nimeongea na mama kwenye video, nauli ya nini? Kuunga udugu ni zaidi ya sauti. Mzee anahitaji kuguswa mkono, kuletewa dawa, kuezekewa paa linalovuja. Suratul-Israa (17:23-24) imetutaka tuwainamishie wazazi bawa la unyenyekevu wanapofikia uzee, na mtu hainami vizuri akiwa umbali wa kilomita mia saba. Darasa lifungue njia ya safari, na kijana anayekwenda likizo Desemba akute tayari ana rafiki mzee anayemsubiri.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wazazi wanaosema simu ndiyo iliyowaharibu vijana, vipi tena tuwape kazi ya simu? Tuwaulize: je, simu wameshanyang'anywa? Kijana anayo, na ataitumia. Aliyepewa jukumu la kumlinda bibi yake na matapeli anaanza kujiona mtu mzima. Akishabaleghe, kalamu za Malaika zinamwandikia kama zinavyomwandikia babu yake. Tunamwita mtoto sisi, sheria ya Allah imeshamwita mukallaf.

Wengine husema mzee hawezi kujifunza tena. Maswahaba wengi wakubwa walisilimu wakiwa watu wazima wenye watoto, na ndipo wakaanza kujifunza Qur'an aya kwa aya. Kinachomshinda mzee mara nyingi ni mwalimu mwenye haraka. Allah (s.w.) anatukumbusha (30:54) kuwa alituumba katika udhaifu, akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu udhaifu na mvi. Kijana anayemfundisha mzee anautazama mwisho wa safari yake mwenyewe, na mzee anayemfundisha kijana anautazama mwanzo wake.

Hivyo basi, ndugu zangu Waislamu wa mijini, kamati ya msikiti isisubiri semina ya taifa wala mgeni rasmi. Ijumaa hii mwalimu wa madrasa aulize vijana wake swali moja: nani kati yenu ana babu au bibi aliye hai kijijini, na jina la baba yake huyo babu ni nani? Wengi watajibu la kwanza na watashindwa la pili. Wapewe wiki moja walitafute jibu kwa kupiga simu, si kumuuliza baba, bali babu mwenyewe. Wakirudi na jibu, kikao cha kwanza cha darasa kitakuwa kimeshafanyika, na kilichobaki ni kupanga cha pili.

Allah (s.w.) awarehemu waliofariki Katesh, awape afya wazee wetu waliobaki, na awajaalie vijana wetu kuwa kitulizo cha macho kwa wazazi wao. Amin.